Soksi Nyeupe za Babu

Ngozi ya ngoma ililegea njiani. Tulitoka Brussels kwenda Köln kwa gari, usiku wa mwezi wa Februari, vyombo vyote vikiwa kwenye trela lisilo na joto. Tulipofungua ngoma nyuma ya jukwaa, Mzee, mpiga ngoma wetu mkuu, aliigonga ile kubwa kwa kiganja mara moja tu, akanyamaza. Ililia kama debe lililofunikwa blanketi. Nyumbani hilo si jambo: unawasha mabua, unaizungusha ngoma juu ya moto, unagonga, unasikiliza, unaizungusha tena mpaka iitikie. Mzee akauliza moto tuuwashe wapi. Fundi wa ukumbi, kijana mpole sana, akanyoosha kidole darini kwenye vifaa vya kunusa moshi vilivyopangwa kila baada ya hatua chache, akatikisa kichwa.

Zilikuwa zimebaki dakika hamsini watu waingie. Nikakimbilia chumba cha kuvalia, nikachukua drai ya nywele iliyokuwa imening'inia pembeni ya kioo, nikatafuta waya mrefu wa umeme, nikachuchumaa mbele ya ngoma. Nikaipuliza kuanzia ukingoni, nikizunguka kuelekea katikati. Mzee aliinamisha sikio karibu na ngozi.

"Taratibu, mwanangu. Usiikaange. Ukiikaanga italia kwa hasira, halafu itatuachia katikati ya kazi."

Nikairudisha drai nyuma kidogo. Robo saa ikapita, ikawa nusu saa. Nywele fupi za mbuzi zilizobaki pembezoni mwa ngozi zikaanza kunukia kama zinavyonukia nyumbani, na mimi niliyekuwa wiki ya tatu safarini machozi yakanilengalenga. Mzee akagonga. Ikaitikia.

Mji uliofuata mambo yakageuka. Ngoma zililala kwenye chumba chenye mabomba ya joto ukutani, hewa kavu kama ya jikoni, na usiku mmoja tu ngozi ileile ilikaza mpaka ikachanika kutoka kigingi kimoja hadi cha tatu. Tukacheza na ngoma mbili badala ya tatu. Tangu safari ile, drai ya nywele, ndoo ya maji na kitambaa cha pamba cha kulowanisha hewa chumbani vimo kwenye orodha ya mizigo yetu, juu kabisa, kabla ya mavazi.

Nimecheza na kundi hili miaka tisa. Si kubwa: wachezaji saba, wapiga ngoma wawili, mtu wa taa, na dada mmoja anayeshika mikataba, tiketi na pasipoti zetu. Mabango ya ugenini huiita kazi yetu dansi ya kisasa ya Kiafrika. Vijana wanaokuja kututazama mazoezini Dar es Salaam huniuliza swali moja: mnachanganyaje? Wanataka kujua vipimo, kama watu wanaouliza chumvi ya kwenye mboga. Sindimba iwe kiasi gani, Kizungu kiasi gani. Mimi niliingia kwenye kundi na swali hilohilo, na kwa miaka miwili nililijibu vibaya kwa mwili wangu mwenyewe. Kilichonirudisha kwenye njia ni mambo niliyoyaacha nyumbani, kwa hiyo nianzie huko.

Mimi ni mtoto wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Babu mzaa mama alicheza mganda. Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume. Wanajipanga mistari kama askari: kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu nyeupe zilizovutwa mpaka chini kidogo ya goti na kukunjwa, viatu vimepigwa kiwi. Wanasogea pamoja kwa hatua ndogondogo huku wengine wakipuliza malipenga ya vibuyu. Kibuyu hicho kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake, sauti yako inatoka inavuma kama tarumbeta. Babu alikuwa na lipenga lake na sisi watoto tulikatazwa hata kulisogelea, maana utando ukipasuka inabidi mtu aanze upya kutafuta mwingine wa kufaa kwenye kona za nyumba. Mama na wenzake walicheza kioda, ngoma ya wanawake. Soksi za babu zilifuliwa peke yake, zikaanikwa kamba ya peke yake, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu nazo amebeba usipa, dagaa wa ziwa letu.

Nilipokwenda kusoma Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ndipo nilipojua soksi zile zilitoka wapi. Mwalimu wetu alitusimulia habari za beni. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu na Mombasa waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakatengeneza ngoma yao kwa mfano wake, na jina lenyewe ni lile lile, bendi. Wakajipa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, wakashona sare, wakashindana mtaa kwa mtaa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokusanya askari na wapagazi kutoka kila pembe, beni ikasafiri nao, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika nzima. Ilipofika pande zetu za ziwa ikachukua sura nyingine, ikawa mganda.

Siku ile nilikaa kimya darasani. Nilikuwa nimeamini mganda ni wa tangu na tangu. Kumbe babu yangu alikuwa anacheza mchanganyiko wa Kiafrika na Kizungu kabla mimi sijazaliwa, bila bango, bila ruzuku, bila mtu wa kumweleza maana yake. Waliouanzisha walilitazama gwaride la mkoloni, wakachukua mstari, wakachukua sare, wakaacha yasiyowafaa, halafu ndani yake wakaweka kitu chao kilicholifanya gwaride lile lisiwe tena la mkoloni. Ni kitu gani hicho? Sikujua. Niliondoka Bagamoyo na cheti, na sindimba, na bugobogobo ya Wasukuma na jembe lake, na swali hilo sijalijibu.

Wiki ya kwanza ndani ya kundi tulifundishwa kuanguka. Nasema kuanguka kweli: unasimama, unaachia shingo, unaachia mgongo pingili moja moja, magoti yanalainika, nyonga inapokea sakafu, kisha bega, unabingirika, unainuka kwa mwendo uleule. Kwetu mchezaji akianguka katikati ya ngoma ama amepata aibu ama amepandwa na kitu, na watu watamkimbilia. Mwili wangu ulikataa. Kila nilipofika nusu ya njia magoti yalikaza yenyewe kuniokoa, nikatua kwa kishindo. Nilichubuka mabega yote mawili, nikawa nalala kifudifudi. Siku ya tisa nikaanguka bila kujijua, kama mtu anavyojiachia kitandani baada ya siku ndefu shambani, na nilipoinuka nilikuwa nacheka. Hilo sikulipata Bagamoyo wala kwa babu, nililipata kwenye dansi ya Kizungu, na nalishukuru mpaka leo. Wanaosema dansi ya kisasa ni kuiga tu wananiumiza, kwa sababu najua kilichofunguka mwilini mwangu siku ile.

Shida ilikuwa kwenye hesabu. Mazoezi yote yalikwenda kwa nane: moja mpaka nane, geuka, moja mpaka nane, ruka. Mzee anapiga, sisi midomo inacheza kimyakimya, moja, mbili, tatu. Siku ya tatu Mzee akalaza viganja juu ya ngozi, ngoma ikakatika.

"Wanangu, mnahesabu nini?"

Mtunzi wetu wa dansi, kijana wa Kitanzania aliyesomea pia Ulaya, akamjibu kwa heshima: "Mapigo, Mzee. Ili tugeuke pamoja."

"Mimi sihesabu. Mimi namtazama huyu." Akaninyooshea kidole. "Nikiona goti lake linataka kugeuka, nampa la kugeukia. Leo namtazama, simwoni. Ameingia kwenye namba."

Hakuna aliyejibu. Tukaenda kunywa chai.

Ukitaka kujua alichokuwa anasema, msikilize mpiga ngoma mzuri wa kwetu. Mkono mmoja unakwenda kwa tatu na mwingine kwa mbili, ngoma ya pembeni inashikilia mstari wake bila kuyumba, na mguu wa mchezaji unachagua uingilie wapi. Leo utaingilia hapa, kesho pale, na ngoma kubwa itajua. Ukihesabu nane umechagua sikio moja tu, umeziba yaliyobaki. Na mpiga ngoma naye anakuwa redio: yupo, analia, lakini hana mtu wa kuzungumza naye.

Kwa upande mwingine, bila hesabu tulikuwa tunagongana. Dansi yenye kubingirika na kubebana inataka mtu ajue sekunde gani bega la mwenzake litakuwa wapi, la sivyo mtu anavunjika. Mtunzi wetu alikuwa na haki, na Mzee alikuwa na haki. Ilituchukua miezi kupata njia. Hesabu tukazifanya mirunda: zinabeba zege, na zege likikauka zinaondolewa. Tulihesabu kwa sauti wiki nne, kisha midomo imefungwa wiki mbili, kisha Mzee akaanza makusudi kuchelewesha au kuwahisha mgeuko, mpaka tukaacha kusubiri namba tukaanza kumsubiri yeye, na yeye sisi. Siku niliyoamini kuwa imekaa ni siku alipotabasamu huku anapiga.

Kazi ya kwanza tuliyoitunga, hata hivyo, ilikuwa mbaya. Dakika nne za sindimba, taa zinabadilika, dakika nne za kubingirika sakafuni, kisha sindimba tena. Ilikuwa wali na uji kwenye sahani moja. Watu walipiga makofi, na mimi nilijua. Tulipokubaliana kuwa haifai, tulichangishana nauli tukaenda Newala kuwatafuta wenye sindimba yao, kwa sababu tuliona haya kuitumia ngoma ya Wamakonde tuliyoijua kwa darasani tu.

Bibi mmoja pale, mtu wa miaka sabini na kitu, alitutazama tukicheza uani kwake, akaomba tunyamaze kidogo, akaniita. Nikapiga goti nikamwamkia tena. Akasema, "Mjukuu wangu, nani alikwambia kiuno kinacheza?"

Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa, tukate kiuno.

"Kiuno hakina akili. Goti ndilo linacheza. Kiuno kinalifuata kama ndoo inavyofuata kamba."

Akaweka kiganja nyuma ya goti langu, pale penye mkunjo, akabonyeza mara mbili. Nikaachia. Kiuno kikaanza kwenda chenyewe, kikiwa kizito na kimetulia, bila mimi kukisukuma. Nilichokihisi katika goti nilikifahamu. Lilikuwa lile goti la kuangukia, ule ulaini niliouhangaikia siku tisa sakafuni. Mlango ni mmoja. Ukiliachia zaidi kidogo unakwenda chini mpaka sakafu ikupokee. Ukilizuia kidogo unarudi juu na kiuno kinaandika sindimba. Nilisimama pale uani kwa bibi wa watu nikaenda chini, nikarudi, nikaenda tena, na wenzangu wakaacha kuongea.

Usiku wake, kwenye godoro la nyumba ya wageni, nikamkumbuka babu. Askari wa gwaride hukaza goti, mguu unakwenda kama fimbo. Babu, na soksi zake za kiaskari, hakukaza goti hata siku moja. Katika mstari ulionyooka kabisa, goti la mganda linachezacheza, linasita, linazama kidogo kabla ya kila hatua. Walichokiweka ndani ya gwaride ni goti. Na soksi ile nyeupe inayokomea chini yake tu ndiyo inayokufanya ulitazame.

Baada ya Newala tulivunja kazi yote tukaanza upya, na tulianza na goti tu. Wiki nzima hatukucheza ngoma yoyote yenye jina.

Nilipata pia bahati ya kwenda kujifunza wiki kadhaa École des Sables, shule ya dansi ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, kijiji cha wavuvi kusini mwa Dakar. Huyu mama, aliyezaliwa Benin mwaka 1944, ndiye aliyeongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique pale Dakar kuanzia 1977 mpaka 1982, na mbinu aliyoijenga inaanzia kwenye uti wa mgongo. Miondoko yake ina majina ya vitu vya kwao. Mmojawapo ni mti ule mkubwa tunaouita sisi msufi, na nilipoelewa ni msufi nilifurahi kama mtoto, kwa sababu nimelalia mito ya sufi utoto wangu wote. Unasimama kama shina, mgongo unapanda, mikono inafunguka, lakini uzito wote uko chini, kwenye mizizi. Tulicheza kwenye ukumbi wenye sakafu ya mchanga. Mchanga haukubali goti lililokaza. Ukikaza unazama upande. Kila kitu kilinirudisha palepale.

Nije kwenye safari zenyewe. Watu wanadhani kuzunguka Ulaya ni kutazama minara. Unaona barabara, ukumbi, jikoni ya ukumbi, kitanda. Viza ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo kila kitu kinabanwa: miji mingi, mapumziko machache, na mtu akiumwa kifundo cha mguu anacheza hivyohivyo au wenzake wanagawana nafasi yake. Ngoma za ngozi zinataka karatasi za daktari wa mifugo, na bado afisa anaweza kufungua sanduku akazinusa moja moja. Jambo moja ningependa kila kijana anayeanza alijue: soma mkataba wako wote, hasa sehemu inayosema posho italipwa siku gani. Mwaka mmoja tulikula mikate mitupu siku nne kwa sababu neno hilo halikuandikwa.

Lakini kilichonishtua zaidi ni ukimya. Onyesho la kwanza nje, taa za ukumbi zikazimwa, giza totoro, na watu mia kadhaa wakakaa bila kukohoa. Tukacheza. Hakuna kigelegele, hakuna aliyeinuka kutuza, hakuna mama aliyeita "hapo hapo!" Dakika ya ishirini nilikuwa na uhakika tumekosea kila kitu. Nikamtazama Mzee pembeni ya jukwaa, naye ameinamia ngoma kama mtu aliye msibani. Taa zilipozimika mwishoni kimya kikaendelea kidogo, halafu wakapiga makofi mpaka tukaitwa kurudi mara tano, na wengine wakasimama wanalia. Walikuwa wanasikiliza muda wote. Kule kunyamaza ndiyo namna yao ya kumpa mchezaji heshima, na ilinibidi nijifunze kuipokea.

Mzee hakuridhika, na nilimwelewa. Ngoma ya kwetu ina pande tatu: anayepiga, anayecheza, anayeitikia. Ukiondoa mmoja, wawili waliobaki wanafanya kazi ya watatu na wanachoka. Tulijaribu kuwaomba watazamaji wapige makofi. Ikawa kama sherehe ya shule, tukaacha baada ya usiku mmoja. Suluhisho lilitoka kwa kijana wetu wa pili wa ngoma. Alisema, kwa nini mtu akimaliza sehemu yake anakwenda kujificha nyuma ya pazia? Abaki. Asimame ukingoni, taa ndogo imguse, amwitikie mwenzake kama angeitikia nyumbani. Tukafanya hivyo. Jukwaa likawa na ukingo wa watu wanaopumua, wanaosema "ee!", wanaokandamiza chini kwa mguu mchezaji akifanya jambo zuri. Kazi ikabadilika usiku uleule. Na cha ajabu, miji kadhaa baadaye, watazamaji wenyewe wakaanza kuguna gizani.

Kuna usiku mmoja ambao bado unanikaa vibaya. Sehemu ya mwisho ya kazi yetu tulivaa sare ya mganda, sisi wanawake pamoja na wanaume, kaptula nyeupe na soksi ndefu. Mwenyeji wetu katika mji mmoja alitazama mazoezi ya mchana, akaja kumwambia dada wa mikataba kuwa mavazi yale yatawachanganya watu. Walikuja kuona Afrika. Je, hatuna kitu cha Kiafrika zaidi? Ukumbini kwake kulikuwa na sanduku la sketi za majani zilizobaki kwenye onyesho fulani. Nusu ya malipo yetu ilikuwa bado mikononi mwake. Tulijadiliana robo saa nzima kwenye korido, kwa Kiswahili, sauti za chini. Kisha tukavaa zile sketi.

Nilicheza mganda nimevaa majani. Hatua zilezile, mstari uleule, na haukuwa na maana yoyote. Mtu hawezi kuona goti likishindana na gwaride kama hakuna gwaride. Watu walipiga makofi kwa nguvu kuliko miji mingine, na mwenyeji alifurahi, akatulipa. Kwenye gari hakuna aliyeongea. Mzee, ambaye kazi yake ni ngoma na hakuvaa chochote kipya, ndiye aliyesema, "Tumemvua babu yake huyu mtoto nguo mbele za watu." Hakumlaumu mtu. Nililia mpaka mpakani.

Tangu hapo mavazi yameandikwa kwenye mkataba, kipande kwa kipande, hadi soksi. Tumepoteza onyesho moja kwa sababu hiyo, na hatujajuta. Nawaambia vijana: anayekulipa ana haki ya kukuambia jukwaa lake lina upana gani na taa zake ngapi. Lipi ni la Kiafrika ndani ya kazi yako, hilo unalijua wewe na waliokufundisha. Watu wa kwetu walilichukua gwaride, wakalitafuna, wakalimeza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni letu. Kaptula ile ni yetu.

Hatukuwa wa kwanza kupita njia hii, na naona vema kuwataja waliotangulia. Nairobi, miaka ya 1990, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen waliunda kundi la Gàara, wakati ambapo karibu nasi hapa dansi ya namna hiyo ilikuwa bado haina mahali pa kusimama. Linyekula baadaye alirudi kwao Kongo, mwaka 2001 akaanzisha kituo chake cha sanaa, Studios Kabako, Kinshasa, kisha akaipeleka kazi yake Kisangani, mji wa utotoni mwake. Huo uamuzi wa kurudi na kujenga nyumbani ndio ulionifanya nianze kumsumbua mtunzi wetu: tumecheza Lille, tumecheza Köln, lini tutacheza Mbamba Bay?

Ilichukua miaka mitatu. Tulipanda basi mpaka Songea, tukaunganisha Mbinga, tukateremka milima ile mpaka ziwa likaonekana chini, na mimi nikawa naonyesha kila kitu kwa kidole mpaka wenzangu wakanizoea. Hakukuwa na jukwaa. Tulicheza uwanja wa mpira, jua limeanza kuelekea ng'ambo, mchanga chini. Mzee aliwasha mabua yake kwa raha zote, akazungusha ngoma juu ya moto na watoto wakamzunguka.

Watu waliitikia tangu dakika ya kwanza. Sehemu ya kuanguka, wanawake wawili waliinuka kuja kunishika, nikawapa ishara ni salama, wakarudi wakicheka. Mama alikuwa safu ya mbele na wenzake wa kioda. Babu alikwisha kufariki, miaka minne ilikuwa imepita. Waliokuwapo ni wazee watatu waliocheza naye, wamekaa kwenye viti vya plastiki, mashati meupe, mikongojo katikati ya magoti, na kwao hao nilikuwa na hofu kuliko ukumbi wowote. Mganda ni wa wanaume. Sisi wanawake tulikuwa tunaingia na kaptula.

Tukajipanga mstari. Mzee akapiga, tukaanza kusogea. Hatukufika hatua ya kumi, mmoja wa wale wazee akainua mkongojo wake juu. Ngoma ikakatika. Uwanja mzima ukanyamaza, na huo ukimya sikuufahamu kabisa, haukuwa wa Ulaya wala wa kwetu. Akainuka taratibu, akaja mpaka kwenye mstari, akaupitia kuanzia mwanzo kama babu alivyokuwa akiupitia, akitazama viatu, akitazama kola. Akafika kwangu, akasimama.

"Wewe ni mjukuu wa nani?"

Nikamtajia, sauti ikitetemeka, nikamwamkia.

"Marahaba." Akatazama chini. "Soksi ya kushoto imeshuka."

Nikainama, nikaivuta, nikaikunja chini kidogo ya goti. Akasubiri mpaka nikasimama wima. Kisha akamgeukia mpiga ngoma, akamwambia aanze tena, tangu mwanzo.